Anayekaa Dunguni: Safari ya Henoc Muamba

     

Leo nina mtu mmoja na kazi moja. Mtu anaitwa Henoc Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, Kongo, aliyekulia Kanada na kulipwa mshahara kwa kucheza futiboli ya kule. Kazi yake ilikuwa ulinzi. Na neno ninalotaka tubaki nalo jioni hii ni hili, nitalirudia mara kadhaa, msinichoke: mtu huwa mwenyeji wa mahali kwa kupalinda. Cheti cha kuzaliwa kina maneno yake. Ulinzi nao una maneno yake.

Lakini kabla ya kufika uwanjani, twende kwanza shambani.

Nilipokuwa mtoto, mpunga ulipoanza kutia maziwa, sisi watoto tulipelekwa kuamia ndege. Mliokulia mabondeni mnaijua kazi hiyo. Unaamka kabla ya jua, unapanda dungu, kile kilingo cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, unakaa. Mimi nilikuwa na kombeo mkononi, na kamba ndefu yenye makopo matupu kutoka dunguni hadi mwisho wa jaruba. Ncha ya kamba niliizungusha kwenye kidole gumba cha mguu, ili mikono ibaki na kombeo. Kwelea wakija kama wingu, navuta mguu, makopo yanalia, ndege wanageuka hewani na kwenda zao. Baada ya muda wanarudi. Ndiyo hiyo, kutwa nzima.

Bibi yangu alinifundisha jambo moja pale dunguni. Aliniambia, “Mjukuu wangu, usingoje ndege atue. Akishatua amekwisha kula. Mtazame angali juu ya mti, uone shingo yake imeelekea wapi.”

Kisha mavuno yanafika. Watu wanahesabu magunia. Kumi, kumi na mawili, kumi na matano. Vigelegele, ngoma, pilau. Sasa niulize: nani amewahi kuhesabu punje ambazo ndege hawakula? Hakuna gunia la punje hizo. Mtoto aliyekaa dunguni mwezi mzima hana cha kuonyesha, isipokuwa shamba lenyewe bado lipo.

Likumbuke dungu hilo. Tutalirudia.

Sasa twende Kanada. Ninaposema futiboli ya Kanada, tafadhali ondoa mawazo kwenye soka, ule mpira wa miguu wa Simba na Yanga. Huu ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wachezaji wamevaa helmeti na mabega yamejazwa kinga. Ni ndugu wa ule wa Marekani, lakini ndugu hawa hawafanani kila kitu. Wamarekani wanacheza 11 kila upande, Wakanada wanacheza 12. Uwanja wa Kanada ni mrefu zaidi, yadi 110 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, yaani kama mita 100, na ni mpana zaidi pia, yadi 65.

Na hapa pana tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Timu yenye mpira hupewa majaribio ya kusogea mbele yadi 10, karibu mita 9. Marekani majaribio ni manne. Kanada ni matatu tu. Ukishindwa, mpira unakwenda kwa mwenzako. Kwa hiyo timu zina haraka, zinarusha mpira mara nyingi, na uwanja ni mpana kama mbuga. Tena wapokeaji wa pasi wanaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mbele kabla mpira haujachezwa, ili mchezo unapoanza tayari wamepata kasi.

Jiweke sasa katika nafasi ya mlinzi. Umesimama. Mwenzako anakujia mbio. Nyuma yako kuna uwanja mpana usio na mtu. Unafanya nini?

Kazi ya Muamba ilikuwa hiyo. Nafasi yake inaitwa lainibeki, na kwa miaka mingi alicheza lainibeki wa kati. Jina lina beki ndani yake, na beki mnamjua. Mbele yake wapo majitu wa mstari wa kwanza, wanaosukumana kifua kwa kifua. Nyuma yake wapo wakimbiaji wepesi wanaolinda pasi ndefu. Yeye yuko katikati, hatua nne au tano nyuma ya mapambano, magoti amekunja kidogo, mikono inaning’inia mbele. Ndiye mtu wa dunguni.

Anatazama nini pale? Hamtazami mwenye mpira peke yake. Anamtazama jitu aliyeinama mbele yake, mkono mmoja chini. Ule mkono ukibeba uzito wote, vidole vikajikita kwenye nyasi, mtu huyo anataka kwenda mbele, kwa hiyo mpira utabebwa kwa mbio. Mkono ukigusa nyasi kidogo tu, uzito uko nyuma kwenye visigino, basi anajiandaa kurudi nyuma kumkinga mrushaji, kwa hiyo pasi inakuja. Mchezo ukianza, anatazama hatua ya kwanza ya jitu huyo. Akiinuka wima, ni pasi. Akitoka chini chini kama fahali, ni mbio. Yote hayo ndani ya muda wa kupepesa jicho. Kisha anawapigia wenzake kelele, wewe sogea kushoto, wewe rudi nyuma, halafu yeye mwenyewe anakwenda.

Mnamsikia bibi yangu hapo? Usingoje ndege atue.

Watu wengi wanadhani mlinzi wa mchezo huu ni nguvu tu. Nguvu inatakiwa, tena nyingi. Lakini lainibeki mwenye nguvu asiyejua kusoma hufika amechelewa, na mwenye kuchelewa huwa anamkumbatia mtu ambaye amekwisha kupita.

Tuko pamoja? Haya, sasa tumjue mtu mwenyewe.

Henoc Muamba alizaliwa Kinshasa mwezi Februari 1989. Nchi wakati huo ilikuwa bado inaitwa Zaire. Familia yake ilihamia Kanada angali mdogo, na akaja kujulikana kama kijana wa Mississauga, mji ulioshikana na Toronto. Hakuwa peke yake katika mchezo huu. Kaka yake, Cauchy, naye alizaliwa Kinshasa, naye akawa mlinzi, naye akafika ligi ya kulipwa. Nyumba moja ikatoa walinzi wawili.

Wote wawili walipita Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, kilichopo Antigonish, mji mdogo katika jimbo la Nova Scotia, mashariki ya Kanada, karibu na bahari ya Atlantiki. Mwaka 2010 Henoc alipewa tuzo ya mlinzi bora wa vyuo vikuu vyote vya Kanada. Mwaka uliofuata, siku ambayo timu za ligi kuu, ile inayoitwa CFL, zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, timu ya Winnipeg Blue Bombers ilikuwa na nafasi ya kwanza kabisa. Ikataja jina la Muamba. Kati ya vijana wote wa nchi nzima waliokuwa wakisubiri siku ile, wa kwanza kuitwa alikuwa mtoto wa Kinshasa.

Hapa lazima niwaeleze kanuni moja ya ligi hii, kwa sababu bila kanuni hiyo hatutaelewa thamani yake. CFL ina timu tisa. Wachezaji wengi wazuri wanatoka Marekani, wanakuja kutafuta kazi. Ligi ikaona kwamba ikiachia mlango wazi tu, vijana wa Kanada watabaki watazamaji katika mchezo wao wenyewe. Ikaweka sharti: kila timu ianze mechi ikiwa na idadi fulani ya wachezaji wa Kanada. Kwa miaka mingi idadi hiyo imekuwa angalau saba.

Sasa makocha wanafanya nini? Wengi huwaweka Wakanada katika mstari wa mbele wa kumkinga mrushaji, au nafasi chache nyingine zilizozoeleka. Nafasi ya lainibeki wa kati, ubongo wa ulinzi, kwa kawaida humpa Mmarekani. Ukipata Mkanada anayeweza kuishika nafasi hiyo vizuri, umepata dhahabu, kwa sababu amekufungulia nafasi nyingine mahali pengine. Muamba alikuwa mtu wa namna hiyo. Alihesabiwa Mkanada, na alikaa mahali ambapo Wakanada wachache walikaa.

Mwaka wake wa kwanza, 2011, Winnipeg ilifika fainali ya Kombe la Grey. Kombe hilo ni la zamani, lilitolewa mwaka 1909 na Earl Grey, gavana mkuu wa Kanada wa wakati huo, na mpaka leo siku ya fainali ni kama sikukuu ya taifa. Winnipeg ilicheza na BC Lions mjini Vancouver, ikafungwa 34 kwa 23. Na BC Lions ndiyo timu iliyokuwa imemchagua kaka yake Cauchy mwaka mmoja nyuma. Wazazi wenye watoto wawili katika mchezo mmoja wanajua kwamba furaha na huzuni zinaweza kukaa kwenye kochi moja.

Basi ukafika mwaka 2013. Nataka tukae kidogo katika mwaka huu, maana kwangu una somo kubwa kuliko miaka ya vigelegele.

Mwaka 2013 Winnipeg ilicheza mechi 18 za msimu. Ilishinda tatu. Tatu tu. Ilifungwa 15. Na katika msimu huo huo, Muamba aliwakaba na kuwaangusha wapinzani zaidi ya mara 100, akahesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa ligi.

Mnaelewa maana yake? Timu inapofungwa kila wiki, walinzi ndio wanaokaa uwanjani muda mrefu. Washambuliaji wao wanapoteza mpira, wanatoka. Walinzi wanaingia. Hawajanywa maji, wanaingia tena. Kuanguka mara 100 na mtu mzima aliyevaa helmeti, kisha kuinuka mara 100, katika timu ambayo Jumatatu magazeti yataisema vibaya, kunahitaji kitu gani? Ni rahisi kulinda shamba lililojaa. Mtihani ni kukaa dunguni mwaka ambao mvua haikunyesha, mpunga umesinyaa, na kila anayepita njiani anakuuliza unalinda nini.

Yeye alikaa. Nami nasema, mtu huwa mwenyeji wa mahali kwa kupalinda, na hasa kwa kupalinda pasipokuwa na sifa.

Baada ya msimu huo Wamarekani wakamwita. Mwaka 2014 akasajiliwa na Indianapolis Colts, ligi ya NFL, ile yenye pesa nyingi na majina makubwa. Kule alitumika zaidi katika vikosi maalumu, vile vinavyoingia uwanjani wakati mpira unapigwa mkwaju. Mtu aliyekuwa wa kwanza kuitwa nyumbani sasa anangoja zamu yake. Hakudumu sana huko. Akarudi Kanada, mwaka 2017 akavaa jezi ya kijani ya Saskatchewan Roughriders, kisha akaenda Montreal Alouettes.

Wapo watakaosema, kumbe alishindwa Marekani. Mimi sioni hivyo. Tuna ndugu wangapi waliokwenda mji mkubwa, wakafanya kazi waliyoipata, kisha wakarudi na ujuzi? Kurudi kuna heshima yake. Mikataba katika ligi hii ni mifupi, mwili unaumia, mwaka huu uko mji huu na mwakani uko mwingine. Mlinzi anafunga begi, anafika kwa watu wageni, anajifunza majina yao na ishara zao, na jioni hiyo hiyo anaanza kuwalinda.

Mwaka 2019 Montreal ilikuwa timu iliyozoea kukosa. Ilikuwa haijaonja michezo ya mtoano tangu 2014. Mwaka ule ikashinda mechi 10 kati ya 18, ikaingia. Na msimu ulipokwisha, ligi ikatoa tuzo zake za mwaka. Moja inaitwa tuzo ya Mkanada Bora, Mkanada aliyecheza vizuri kuliko Wakanada wote wa ligi. Tuzo hii imezoea kwenda kwa wanaobeba mpira. Jon Cornish, kwa mfano, aliyekuwa mkimbiaji wa Calgary, aliichukua miaka mitatu mfululizo, 2012, 2013 na 2014. Watu wanaona magunia, wasikilizaji. Ndiyo desturi ya macho.

Mwaka 2019 tuzo ya Mkanada Bora alipewa Henoc Muamba, mlinzi, mzaliwa wa Kinshasa.

Naomba tusimame hapa dakika moja. Mkanada Bora. Tuzo inamtaja mtu kwa nchi. Na nchi iliyotajwa ni ile aliyoifikia akiwa mtoto, akiwa amebebwa na uamuzi wa wazazi wake. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia methali hii kumfukuzia mgeni kazini, kana kwamba ni adhabu. Mimi jioni hii naomba tuisikilize upya. Kumpa mtu jembe ni kumwambia: shamba hili sasa ni lako pia. Mgeni anakaa juu ya mkeka na kuletewa chai. Mwenyeji ndiye anayeshika mpini. Siku ya tatu, jembe likikabidhiwa, ugeni umekwisha.

Na ninyi wazazi mlioko ng’ambo, mnaotusikiliza kwa intaneti, mnaofanya kazi za zamu za usiku, mnaohudumia wazee, mnaoendesha malori katika barafu: watoto wenu wanapoulizwa shuleni wanatoka wapi, huenda wanapata shida kujibu. Waambieni habari za Muamba. Si lazima wacheze mchezo huo, maana ni mchezo mgumu na unaumiza. Waambieni tu kwamba alikuwako mtoto aliyezaliwa Kinshasa, na nchi nzima ikamwita mwanawe bora, bila yeye kubadili jina lake. Muamba lilibaki Muamba, limeandikwa mgongoni mwa jezi kwa herufi kubwa.

Haya. Sasa tufike siku yenyewe.

Ni tarehe 20 Novemba 2022. Mji ni Regina, jimbo la Saskatchewan, katikati ya nchi tambarare ambako upepo wa Novemba haukutani na kilima cha kuuzuia. Ni fainali ya 109 ya Kombe la Grey. Upande mmoja Winnipeg Blue Bombers, timu ile ile iliyomchagua Muamba mwaka 2011. Sasa haikuwa tena timu ya kufungwa mara 15. Imechukua kombe mwaka 2019, imechukua mwaka 2021, maana mwaka 2020 msimu ulifutwa kwa sababu ya korona, na sasa inataka la tatu mfululizo. Kwotabeki wake, yaani mrushaji na kiongozi wa mashambulizi, ni Zach Collaros, aliyetajwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021 na tena 2022. Na kocha wake ni Mike O’Shea, Mkanada ambaye naye zamani alikuwa lainibeki, tena alichezea Toronto miaka mingi.

Upande wa pili, Toronto Argonauts, timu yake mpya baada ya Montreal. Katikati ya ulinzi wao amesimama Muamba, umri miaka 33. Kwa mchezo huu, miaka 33 ni uzee.

Mechi ilikuwa ngumu. Mchezaji wa Winnipeg, Janarion Grant, aliudaka mkwaju akakimbia nao yadi 102, uwanja karibu mzima, akafunga. Kwotabeki wa Toronto, McLeod Bethel-Thompson, akaumia kidole gumba, akaingia wa akiba, Chad Kelly. Wengi wakaona basi, imekwisha. Lakini Toronto ikasukuma, ikasukuma, A.J. Ouellette akauingiza mpira, na ubao ukasoma Toronto 24, Winnipeg 23. Pointi moja. Zimebaki dakika chache.

Nanyi mnajua, dakika chache zenye pointi moja ni ndefu kuliko usiku wa mgonjwa.

Winnipeg ina mpira. Mrushaji bora wa ligi anao mkononi. Anahitaji kusogea kidogo tu, kisha mkwaju mmoja katikati ya nguzo utatosha kumpa kombe. Anarudi nyuma, anatazama, anarusha.

Na Muamba yuko pale.

Ameipokea pasi ile kama vile ilikuwa imeandikwa jina lake. Pasi imenaswa. Mpira wa Winnipeg sasa ni wa Toronto. Jinsi alivyofika pale mmeshaijua, kwa sababu tumekuwa dunguni pamoja tangu mwanzo. Mtu akitazama miguu na mabega ya watu kwa miaka 11, kutoka Winnipeg hadi Indianapolis, kutoka Saskatchewan hadi Montreal, siku moja anaiona pasi ingali mkononi mwa mrushaji.

Mchezo haukuishia hapo, nisiwadanganye. Winnipeg iliupata mpira tena, na katika dakika ya mwisho ikajaribu mkwaju wa yadi 47, karibu mita 43. Mlinzi mwingine wa Toronto, Robbie Smith, Mkanada naye, akanyoosha mkono na kuuzuia. Basi. Toronto 24, Winnipeg 23. Angalieni vizuri: mara mbili katika dakika zile za mwisho Toronto iliokolewa, na mara zote mbili na walinzi.

Wakati wa tuzo, jina la Muamba likaitwa. Mchezaji Bora wa Fainali. Kisha likaitwa tena. Mkanada Bora wa Fainali. Tuzo mbili, mtu mmoja, jioni moja. Mwenzake katika timu ile, Andrew Harris, aliwahi kuzichukua zote mbili mwaka 2019, lakini Harris alikuwa mkimbiaji, mbeba mpira. Muamba alizichukua kwa ulinzi.

Na kuna habari nzuri ndani ya habari. Tuzo ya Mkanada Bora wa Fainali imepewa jina la Dick Suderman. Suderman alikuwa nani? Alikuwa mlinzi wa Calgary Stampeders. Aliipata heshima hiyo katika fainali ya mwaka 1971, na mwaka uliofuata akafariki dunia angali mchezaji. Fainali ile ile ya 1971, Mchezaji Bora alikuwa Wayne Harris, lainibeki wa Calgary. Kwa hiyo tuzo yenyewe aliyoishika Muamba ilibeba jina la mlinzi. Miaka 51 imepita kati yao, hawakujuana, lakini kazi yao ilikuwa ile ile.

Mpendwa msikilizaji, wakati wetu unakaribia kwisha, basi niyakusanye tuliyosema.

Tumesema kwanza kwamba mlinzi husoma. Anautazama mkono wa aliyeinama, anatazama hatua ya kwanza, anafika kabla ya jambo kutokea.

Tumesema pili kwamba kazi yake huhesabiwa kwa shida, kwa kuwa matunda yake ni yale ambayo hayakutokea. Mwaka wa kushinda mechi tatu kati ya 18 ulimjenga mtu aliyekuja kuitwa mara mbili mwaka wa kombe.

Na tumesema tatu, nalo ndilo neno la jioni hii, kwamba mtu huwa mwenyeji wa mahali kwa kupalinda. Alizaliwa Kinshasa, na Kinshasa itabaki ya kwake. Alilinda Winnipeg, akalinda Montreal, akalinda Toronto. Waliotoa tuzo ya Mkanada Bora waliandika tu jambo ambalo kazi yake ilikuwa imekwisha kulisema.

Sasa nina ombi dogo. Msimu wa CFL huanza mwezi Juni, na fainali huwa Novemba. Siku moja, kwa simu yako au ya mwanao, utafute mechi moja utazame. Mpira utakapokaribia kuchezwa, macho yako yatataka kumfuata mrushaji. Yazuie. Mtafute yule aliyesimama katikati, hatua nne au tano nyuma ya majitu, magoti amekunja, mikono inaning’inia. Mtazame yeye peke yake kwa pumzi moja kabla ya mchezo kuanza. Utaona kichwa kinageuka kidogo. Utaona mkono unainuka kumwonyesha mwenzake mahali pa kusimama. Utaona mguu mmoja unasogea nusu hatua, kuelekea mahali ambapo bado hakuna kitu.

Kisha mpira utakwenda pale pale.